Golf iliyonyamaza: kebo ya zamani, kompyuta mpya na siku mbili za Lubumbashi

Kebo ililetwa kwangu ikiwa ndani ya soksi ya mtoto. Fundi wa magari kutoka komini (wilaya ya mji) ya Kenya (mgeni wa Lubumbashi hushangaa akisikia mtu anakwenda Kenya kwa miguu) aliitoa taratibu, akailaza juu ya meza yangu hapa Kamalondo, kisha akaweka laptop kando yake.

"Mudogo," akasema, "hibi bintu bibili habisikilizane."

Mimi ni fundi wa kompyuta. Magari nayajua kama abiria anavyoyajua. Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu kilikula siku mbili badala ya saa mbili, na sehemu kubwa ya muda huo niliupoteza mimi mwenyewe. Si kebo, si Windows, na gari nalo lilikuwa na kosa lake la pembeni ambalo hakuna aliyelifikiria.

Gari lenyewe ni Volkswagen Golf 4 ya petroli, injini ya 1.6, usukani kushoto, iliyokuja kutoka Ubelgiji. Mjini kwetu, ambako tunaendesha upande wa kulia lakini barabara zimejaa Toyota za Japani zenye usukani wa kulia, Golf kama hiyo unaitambua kutoka mbali. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu. Pale garaji wote wanamwita Papa. Malalamiko yake yalikuwa haya: asubuhi gari linawaka bila tabu, lakini likishapata moto ukalizima sokoni, haliwaki tena mpaka lipoe. Petroli inakwisha upesi, bomba linatoa moshi mweusi, na taa ya njano ya injini imewaka. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umetulia katikati, kwa hiyo Papa aliapa kwamba joto halihusiki. Tuweke kiapo hicho pembeni kwanza.

Yaya fundi (kwetu yaya ni kaka mkubwa, si mlezi wa watoto) alikwisha badilisha plagi zote nne (buji, tunavyosema huku). Haikusaidia. Siku moja kabla ya kuja kwangu, mwenzake wa garaji ya jirani alichomeka kidude cha ELM327, kile kidogo kinachosoma makosa ya gari na kuyapeleka kwenye simu kwa Bluetooth. Simu ilizunguka ikitafuta gari, haikulipata. Wote wakacheka wakasema ni feki. Kweli, vidude vingi vya namna hiyo ni nakala. Vingi vinajiita toleo la 1.5 wakati Elm Electronics ya Kanada, iliyobuni chipu hiyo, haikuwahi kutoa toleo la namba hiyo. Kicheko kile kilitugharimu. Nitarudi hapo.

Kebo ni ya aina ya KKL, ya kuunganisha kompyuta na gari ili kusoma makosa yake, ile inayojulikana kwa namba 409.1 kwa sababu hilo ndilo toleo la programu iliyokuwa ikisafiri nayo. Upande mmoja USB, upande wa pili plagi ya tundu kumi na sita inayoingia chini ya usukani. Yaya aliitumia miaka mingi kwenye laptop ya Windows XP, mpaka siku moja kuran (umeme) ilipokatika na kurudi kwa nguvu, laptop ikafa. Akanunua nyingine ya mtumba, nzuri tu, yenye Windows 11 ya Kifaransa.

Programu ya zamani ilikubali kuingia kwenye laptop mpya. Ilifunguka, rangi zilezile, vitufe vilevile. Jambo hilo ndilo lililomchanganya yaya: kama programu imekubali, kwa nini kebo ikatae? Nilimweleza kwamba programu na draiva, ile inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, si watoto wa mama mmoja. Programu ni mgeni wa sebuleni. Hata akiwa wa kizamani, Windows humkaribisha. Draiva huingia jikoni, kwenye moyo wa mfumo, na huko hakuna msamaha. Windows ya biti 64 inaendesha programu za biti 32 bila shida, lakini draiva ya biti 32 haiipokei kabisa. Na Windows 11, tangu ilipotoka mwaka 2021, haina toleo la biti 32. CD ndogo iliyokuja na kebo ilikuwa na draiva ya zama za XP tu. Laptop mpya haina hata mahali pa kuingiza CD; mpwa wa yaya alikuwa ameinakili kwenye flashi.

Hapo watu wengi huingia kwenye intaneti wakatafuta "draiva ya kebo ya 409.1", wakajaza kompyuta takataka. Yaya alikuwa amekwisha kumaliza mega (data ya intaneti) za wiki nzima kupakua mfuko wa "draiva zote" uliomletea matangazo na kitu kinachobadilisha ukurasa wa kwanza wa intaneti. Kosa liko kwenye swali. Hakuna draiva ya kebo ya gari. Kuna draiva ya chipu iliyo ndani ya kebo, ile inayogeuza USB kuwa mlango wa zamani wa COM, na rangi ya kebo au maandishi ya CD hayakuambii chipu hiyo ni ipi. CD ya yaya ilisema FTDI.

Nilichomeka kebo kwenye laptop yangu mwenyewe, ambayo ina Ubuntu badala ya Windows, nikaandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Jibu: 1a86:7523. Namba hizo mbili ni kama jina la ukoo na jina la mtu. 1a86 ni WCH ya Nanjing, China, na 7523 ni chipu yao ya CH340. Ingekuwa FTDI ningeona 0403:6001. Ingekuwa Prolific ya Taiwan, 067b:2303. Kwenye Windows namba hizohizo zipo, hata kabla draiva haijaingia: ufungue orodha ya vifaa, uende kwenye kile chenye alama ya mshangao, uangalie maelezo yake sehemu ya vitambulisho vya maunzi. Utaona VID (namba ya kampuni) na PID (namba ya kifaa). Kazi ya dakika moja, na inafuta nusu ya maswali.

Kwa yaya hii ilikuwa habari njema, ingawa alihisi ametapeliwa. Ana haki ya kununa, lakini CH340 iliyo halisi ina faida kuliko FTDI ya bandia. Mwaka 2014 draiva mpya ya FTDI, kampuni ya Uskoti, iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows, ilikuwa ikizibadilisha chipu za bandia namba yake ya PID kuwa 0000, na kompyuta ikawa haizitambui tena. Kelele zikapigwa, draiva ikaondolewa. Mwaka 2016 likaja toleo jingine lililozifanya chipu hizo zitume maneno ya kusema kwamba kifaa si halali, badala ya data. Mwenye kebo ya bandia alikuwa hana kosa alilolijua, anaona tu kebo iliyofanya kazi jana leo imekufa. Ukikuta kebo ya zamani inajitangaza 0403:0000, sasa unajua ilipitia wapi.

Kabla ya kuondoka kwenye Ubuntu, kitu kimoja kilinitisha. Mlango wa kebo, ambao Ubuntu huuita ttyUSB0, ulitokea, ukakaa chini ya sekunde moja, ukapotea. Nikachomoa, nikachomeka tena, vilevile. Ningekuwa na haraka ningesema kebo inakufa. Kumbe kwenye Ubuntu 22.04 kuna programu iitwayo brltty, ya kuwahudumia wasioona wanaosoma kwa vifaa vya nukta nundu, na baadhi ya vifaa hivyo hutumia namba ileile ya 1a86:7523. Brltty huwahi kuunyakua mlango ikidhani mwenyewe kafika. Niliiondoa, kwa kuwa kwenye mashine yangu hakuna anayeihitaji, mlango ukakaa.

Upande wa Windows tulimaliza haraka. Draiva ya WCH, faili liitwalo CH341SER, nililichukua kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe kwa intaneti ya simu yangu. Ni dogo mno, halili mega. Alama ya mshangao ikaondoka. Mlango ukajitokeza kwa jina la COM7. Programu ya zamani inajua COM1 hadi COM4 tu, basi nikaingia kwenye mipangilio ya mlango, sehemu ya mipangilio ya kina, nikaubadilisha uwe COM3. Windows ikaonya kwamba COM3 inatumika. Haikuwa inatumika, ni modemu ya simu iliyowahi kuchomekwa zamani na mwenye laptop wa kwanza, jina lake halikufutwa. Nikakubali, nikachomoa kebo, nikachomeka.

Saa tano asubuhi. Tulifungua programu, tukachagua COM3, tukabonyeza kitufe cha kujaribu.

Haioni kifaa.

Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kupotea. Nilizima kinga ya kumbukumbu ya Windows 11, ile inayozuia draiva za zamani. Hakuna. Niliiweka programu kwenye hali ya kujifanya XP. Hakuna. Niliondoa draiva, nikaweka toleo la nyuma yake, nikabadilisha tundu la USB. Mchana nilianza kusimika Windows XP ndani ya kompyuta ya kubuni (inayoigizwa na programu), ushauri ambao kila mtu huutoa na ambao, kwa maoni yangu, kwa kebo za namna hii ni mzigo: unaongeza tabaka jingine kati ya programu na waya, na mazungumzo haya yanataka majibu ya papo kwa papo. Yaya alikaa kwenye benchi ananiangalia, baadaye akaenda zake kwa heshima, akiniachia maneno haya: "Njo vile. Ordinatere ya mupya inakataa ya kale." Ordinatere ni kompyuta. Sikuwa na la kumjibu.

Jioni nilifungua ganda la kebo. Nilikuwa natafuta lehemu iliyovunjika. Lehemu zilikuwa nzima, lakini nilipofuata njia za shaba kwa mita ya umeme niliona kitu ambacho mtu wa magari angenicheka kwa kutokijua. Ndani ya kebo kuna nyumba mbili. Ya kwanza ni ya chipu ya USB, inakula volti 5 za kompyuta. Ya pili ni ile inayozungumza na gari, na hiyo chakula chake kinatoka kwenye tundu namba 16, yaani betri ya gari, volti 12. Kebo ikiwa mezani, nyumba ya pili iko gizani. Programu inapojaribu, inatuma herufi kwenye waya na kusubiri kuzisikia zikirudi. Bila volti 12 hazirudi, nayo inaandika kwamba haioni kifaa. Tangu saa tano asubuhi kompyuta ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimepima ndoo nikalaumu kisima.

Bahati njema, karakana yangu ina betri ya sola ya volti 12, maana bila hiyo Lubumbashi huwezi kufanya kazi hii. Tundu namba 4 na 5 ni ardhi, namba 16 ni chanya, namba 7 ni waya wa K wenyewe, ule ambao mazungumzo na gari hupitia. Niliweka fyuzi ya ampea 1 njiani, nikagusisha. Kimya. Nikakumbuka kwamba michoro yote ya tundu hizi huonyesha tundu la gari ukilitazama usoni, safu ndefu juu, 1 hadi 8 kutoka kushoto, chini yake 9 hadi 16. Plagi ya kebo ukiitazama usoni ni kioo cha hiyo. Ardhi nilikuwa nimeipata hata hivyo, kwa kuwa 4 na 5 zikigeuzwa zinabaki 5 na 4. Chanya nilikuwa nimeipeleka kwenye namba 9, ambayo kwenye kebo hii haina kitu. Nikahamisha.

Nilipima waya wa K: volti 12.4. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa ukiwa umepumzika, kwa sababu ndani ya kebo kuna rezista inayouvuta juu kuelekea betri. Kipimo cha kawaida cha kiwango cha ISO 9141 ni ohmu 510. Mazungumzo hufanyika kwa kuushusha waya chini na kuuachia. Waya ni mmoja, kuongea na kusikia vyote vinapita hapo, kwa hiyo lazima usikie sauti yako mwenyewe. Nilifungua programu ndogo ya kuandikia moja kwa moja kwenye mlango wa COM3, nikapiga herufi: LUBUMBASHI. Kwenye skrini ikarudi LUBUMBASHI. Nikatoa waya wa betri, nikapiga tena: hakuna. Nikaurudisha: ikarudi.

Jaribio hilo la mwangwi nimelipenda kuliko yote. Halihitaji gari, halihitaji programu ya gari. Linathibitisha kwa pamoja chipu, draiva, namba ya mlango na nusu ya pili ya kebo. Ningeanza nalo, ningekuwa nimelala mapema.

Kesho yake tulikwenda Kenya na mvua ya Novemba. Golf ilikuwa chini ya bati, Papa amekaa ndani na gazeti. Nikachomeka kebo nikiwa na uhakika wa kuudhi. Yaya akaweka kontakti, yaani akazungusha ufunguo bila kuwasha injini. Nikabonyeza kitufe.

Haioni kifaa.

Yaya hakusema kitu, na afadhali angesema. Lakini safari hii nilikuwa na njia. Nilifungua programu ya mwangwi, nikapiga herufi. Hazikurudi. Mezani zilirudi, kwenye gari hazirudi: kompyuta imetoka kwenye orodha ya washukiwa, kebo nayo imetoka, kama gari linaipa chakula. Tukapima namba 16 dhidi ya ardhi: volti 12.3, chakula kipo. Tukapima waya wa K, kebo ikiwa imechomekwa: volti 1.1.

Ukikumbuka ile rezista, volti hizo zinasema mengi. Kebo inauvuta waya juu kwa nguvu yake yote, na kuna kitu ndani ya gari kinaukalia. Waya wa K kwenye Golf 4 si wa injini peke yake. Unashirikiwa na vifaa kadhaa, ABS na mifuko ya hewa vikiwemo, kila kimoja kikingoja kuitwa kwa namba yake. Mmoja akikaa na mdomo wazi, wote wanakuwa mabubu. Na hapo ndipo kile kidude cha Bluetooth kiliponirudia kichwani. Kidude kile na kebo hii havina chochote kinachofanana, kimoja kina simu na kingine kina Windows, na vyote viwili vimeshindwa kwenye gari moja. Ushahidi kwamba kosa haliko kwenye kompyuta ulikuwepo kabla kebo haijatoka kwenye soksi. Tuliucheka.

Nikamuuliza Papa: tangu gari lifike, kimeongezwa nini? Hakuna, akasema. Nikauliza tena, taa, alamu, redio? "Redio, ndiyo, ile ya kwanza haikuwa na USB. Lakini redio inaimba vizuri, mwanangu, haina shida yoyote."

Yaya alikwisha kuelewa kabla sijafungua mdomo. Alichomoa redio kwenye dashibodi, akaachanisha plagi iliyo nyuma yake. Waya wa K ukaruka kutoka 1.1 hadi 12.1. Nikapiga LUBUMBASHI, ikarudi.

Maelezo yake ni haya. Redio za kiwandani za Volkswagen za zama zile zilikuwa na uchunguzi wao wenyewe, kwa hiyo waya wa K ulipelekwa mpaka kwenye plagi ya redio. Redio ya dukani haijui habari hizo. Plagi yake ina umbo lilelile, inaingia bila kulazimishwa, na pale Volkswagen ilipoweka waya wa uchunguzi, yenyewe ina kitu kingine. Nyingine huupeleka waya kwenye chanya, nyingine huushusha kwenye ardhi, kama hii. Redio inaimba, gari linatembea, na hakuna anayejua kwamba lugha ya gari imekatwa mpaka siku fundi anapotaka kuzungumza nalo. Yaya aliziba waya ule mmoja kwa utepe na kuurudisha nyuma ya plagi, redio ikarudi mahali pake, ikaimba kama zamani. Kwa mwenye kufanya kazi hii: kama redio iliyofungwa haikuwa ya kiwandani, ichomoe kabla hujachomeka kebo yoyote. Volti isiyotakiwa kwenye waya ule inaweza kuumiza kompyuta ya injini yenyewe, na bei ya hiyo si ya utepe.

Tukafungua programu, tukachagua injini. Ilikaa kimya kidogo. Kimya hicho ni cha kawaida. Programu huita namba ya kifaa kwa kasi ya biti 5 kwa sekunde, polepole kama mtu anayegonga mlango wa wazee, na kugonga huko huchukua sekunde mbili nzima kabla mazungumzo ya kasi hayajaanza. Kisha injini ikajibu, na kosa likawa moja: 16502.

Yaya alitoa simu kutafuta maana. Kuna njia ya mkato. Kwenye magari haya namba za mtindo huu ukitoa 16384 unapata kosa la kawaida la P0, zile namba za makosa zinazotumika kwa magari ya kampuni zote. 16502 kutoa 16384 ni 118, yaani P0118, kihisi cha joto la maji ya injini kinatoa volti ya juu kupita kiasi. Namba zinazoanzia 17408 unatoa 17408, na jibu linakuwa la P1, zile za kampuni yenyewe. Volti ya juu kwenye kihisi cha namna hii maana yake njia imekatika, na kompyuta ya injini inasoma kukatika huko kama baridi kali. Inadhani iko Ulaya mwezi wa Januari, inamwaga petroli. Ndiyo moshi mweusi, ndiyo gari kukataa kuwaka likiwa na moto: injini imeshiba petroli isiyoihitaji.

Na mshale wa Papa uliotulia katikati? Kihisi cha Golf 4 ni viwili ndani ya ganda moja, tundu nne, mbili za mshale wa dashibodi na mbili za kompyuta ya injini. Upande mmoja unaweza kufa mwingine ukaendelea kusema kweli. Papa hakudanganya, alisoma upande mzima.

Yaya alikichomoa kihisi, nikakipima. Kwenye hali ya hewa ya siku ile kilitoa ohmu 1,800 hivi, jambo zuri. Vitabu vya gari vinataka kati ya 1,500 na 2,000 kwa nyuzi 30. Akakitumbukiza kwenye maji ya moto ya chai. Kipimo kilitakiwa kushuka kuelekea ohmu 300 kwa nyuzi 80. Kilishuka, kikashuka, halafu kikakatika kabisa, mita ikaonyesha njia wazi. Kilipopoa kikarudi. Ndiyo maana asubuhi gari lilikuwa halina neno. Kihisi cha zamani kilikuwa cheusi. Kipya alichokipata mjini ni cha kijani, ambacho ndicho kilichokuja kuchukua nafasi ya kile cheusi. Tukafuta kosa, Papa akazunguka mpaka Katuba na kurudi, akazima, akawasha, akazima tena. Ikawaka kila mara. Kosa halikurudi.

Watu wameniuliza kama si rahisi kutafuta laptop nyingine ya XP na kuiweka garaji kwa kazi hii tu. Kwa mwenye umeme wa uhakika, labda. Betri za laptop hizo zimekwisha zote, na uwanjani Kenya, kuran ikikatika katikati ya kazi, unabaki umeshika kebo. Laptop mpya inakaa saa nne bila kuchomekwa. Mimi ningebaki na mpya.

Nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika juu ya ganda la kebo: CH340, COM3, mezani itake volti 12. Yaya akairudisha kwenye soksi.

Wiki iliyofuata alinipigia simu akiwa na furaha, ana Passat ya 2006 mbele yake, anataka nimkumbushe ni kitufe gani. Nikamwambia asijisumbue kufungua laptop. Volkswagen kuanzia Golf 5 na wenzake zilihamia CAN, njia nyingine ya mazungumzo inayopita tundu namba 6 na 14, na kebo yake haina waya unaofika huko.

"Hata nikitoa redio?" akauliza.

Hata akitoa redio.